Nyigu Waliofuata Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Aibu gani hii! Bosi kaleta wakulima wa kabichi waone nyigu wetu wanavyowinda viwavi. Nikafungua chupa. Nyigu wenyewe wadogo kuliko punje ya mchele. Wakaruka — wakaja kwangu. Kabichi imejaa viwavi, hawakuitazama. Mama mmoja mkulima akaniuliza kama kiwavi ndiye mimi. Wakacheka. Nami nikacheka, ila roho iliniuma.
Bosi kasema: jaribio moja tu limebaki. Likishindikana, chumba cha kufugia nyigu kinafungwa, watapulizia dawa. Miaka kumi na tisa yangu, basi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeelewa. Nyigu jike hunusa jani lililotafunwa. Akimkuta kiwavi anamdunga, anamwachia mayai tumboni, wanawe wamle kwa ndani. Lakini hawa wetu, viwavi nawapa mimi, kwa vidole. Na vidole vyangu vinanukia mafuta ya mchaichai. Wamejifunza: penye mchaichai pana kiwavi. Kosa langu, sina wa kumsingizia.
Ni mafuta ya kuchua viungo vinavyouma. Marehemu mke wangu aliyapika mwenyewe. Hii chupa ya mwisho. Nikijipaka asubuhi, nyumba inakuwa na mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Bosi: chagua, sabuni au ukae nyumbani. Nimechagua sabuni. Chupa ya mafuta nimeifungia kwenye droo ya kazini, maana nyumbani najijua.

Jumapili, 17 Machi
Bila mafuta, magoti hayana adabu. Dada kapiga simu, kauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Ndiyo maongezi ya leo. Nyumba hainukii chochote.

Ijumaa, 22 Machi
Wameweza! Kizazi kipya, kisichonijua. Wamenipita kama nguzo ya umeme, moja kwa moja kwenye kabichi. Wakapapasa jani, wakamkuta kiwavi, wakadunga. Yule mama akapiga makofi. Chumba kimepona. Bosi kanipa mkono, kanikumbusha: yale mafuta humu ndani, marufuku.
Wote wameenda kunywa chai. Wameniita, nimesema nakuja.
Katika chupa ya wale wa zamani amebaki mmoja. Nimemlisha asali mpaka leo, lakini siku zake zimekwisha, anajikokota tu kwenye kioo.
Nimefungua droo. Tone moja, kidole cha shahada. Chupa yake iko wazi.
Ameacha kutembea. Anageukia huku —