Mchungaji Akisema "Basi Hapo"

Mpendwa Shangazi Eustadia, naomba unisaidie, hili sijamwambia mtu yeyote: ninaposimama mbele ya kanisa na Biblia mkononi huwa namkasirikia Mchungaji Masele mpaka nasoma bila kuinua macho, na waumini hudhani ni aibu. Mimi ni binti wa kidato cha tatu hapa Usoke, mtu wa kukaa kimya na vitabu, na yeye ndiye aliyenifundisha Biblia, sasa macho yake yamefifia kwa hiyo mimi nasoma naye anahubiri, ananiambia, "Soma, mwanangu," nasoma kidogo, ananikata, "Basi hapo, tutafune kwanza," na akishaanza kutafuna hatusogei tena mpaka ibada inaisha. Jumapili iliyopita nilisoma pale wake wanapoambiwa wawatii waume, nikakatwa, hatukufika pale waume nao wanapoagizwa wawapende wake zao, na dada yangu Elieth alikuwa benchi la pili, jicho limevimba, amekimbia kipigo cha mumewe kule Urambo, na tulipofika nyumbani baba akamwambia, "Umesikia mwenyewe, tena mdogo wako ndiye kasoma. Tukishamaliza kuchambua tumbaku, unarudi kwa mumeo." Sasa Shangazi, Jumapili ijayo nikikatwa niendelee tu kusoma kwa sauti, au nitakuwa nimemvunjia heshima mchungaji?

Msomaji, Usoke

Mwanangu, barua yako imenifanya niweke chai pembeni. Dada yako amevimba jicho, wewe unaniuliza heshima ya mchungaji? Mahubiri yanaweza kusubiri Jumapili nyingine. Jicho haliwezi.

Tena usingoje ibada. Ukishindana na mzee mbele ya waumini, watajadili adabu yako mpaka msimu ujao na Elieth watamsahau. Mchungaji wako sidhani kama ni mtu mbaya. Anapenda sauti yake, ugonjwa wa wahubiri wengi, na ninyi mmemlea nao. Mfuate nyumbani kwake mchana, uende na mama yako. Huyo mama simwoni popote kwenye barua, kwani ni mgeni hapo kwenu? Msomee mchungaji sura nzima, kisha mwambie yaliyompata Elieth. Baba asipoelewa, polisi wana dawati la jinsia, na dada yako asiende peke yake. Hujaombwa kuhubiri, binti. Kusoma unajua.

Msomaji akatuandikia tena:

Shangazi, nilikwenda na mama. Mchungaji alikuwa anamenya karanga. Nilisoma, akasema basi hapo, mama akamwambia, "Leo mwache amalize." Nikamaliza, nikamweleza habari za Elieth. Akauliza, "Mbona hamkuniambia?"

Mama akajibu, "Ulikuwa bado unatafuna."

Jioni alikuja kwetu, wakazungumza na baba uani. Baba hakukubali kwamba alikosea, ila alisema tumbaku ikiisha Elieth atabaki. Kesho yake sikwenda shule. Nilipanda basi na Elieth mpaka kituo cha polisi Urambo, nikakaa karibu naye mpaka alipomaliza kueleza.