Thelathini na Moja Ifungwe

Jumatatu, 3 Machi

Saa moja na nusu. Bendera imepandishwa, wimbo umeimbwa, nusu ya wafanyakazi wakisinzia wima. Kisha kazi. Nimejaribu matundu yote sitini ya meza ya kuunganishia simu, moja baada ya jingine, kama kila asubuhi. Kuchomeka kamba, kusikiliza, kuchomoa, kuandika. Tundu zima hutoa mlio mwembamba na safi. Tundu bovu hukoroma.

Matundu manane yana waya ulio hai ingawa wenyewe walikwisha kuuhama mji. Hiyo ni milango isiyo na mwenyewe. Mtu yeyote mwenye koleo anaweza kuingia hapo na kuzungumza kwa jina la mwingine. Nimeagiza vizibo vya mti.

31 inasumbua. Kifuniko chake kidogo cha shaba huanguka chenyewe kana kwamba mteja anaita. Ukichomeka kamba, hakuna mtu. Mara kumi na moja leo. Ni maji tu. Mvua imeingia kwenye kiungo cha waya nyuma ya soko, na waya unaovuja huwakoromesha jirani zake wote.

Bolumbu, opereta wangu, mama wa Isangi, alisema: "Trente-et-un iko na kichwa nguvu leo." Nikamwambia 31 ni namba, si mtu, haina kichwa. Namba inasumbua, mtu anasumbua. Akacheka. Najua kwamba nikigeuka wananiita Papa Grammaire, Baba Sarufi. Na waniite.

Mkurugenzi ameniita mchana. Kuanzia wiki hii nakala ya ripoti yangu ya kila siku, ile inayochukuliwa na watu wa usalama, iandikwe kwa Kiswahili. Askari wao hawasomi Kifaransa. Miaka yote nimeandika "à couper", yaani ikatwe, "à vérifier", ikaguliwe. Sasa lugha yangu. Nilifurahi. Naliandika jambo hili ili baadaye nisijidanganye: nilifurahi.

Jumanne, 4 Machi

Lofemba alikuja mwenyewe kuichukua ripoti. Ndiye mtu wa usalama tuliyepewa. Abakosti ya kijivu, suti isiyo na tai ya watu wa serikali, viatu vya askari. Kiswahili chake amekiokota sokoni.

Mji umechafuka. Askari hawajalipwa. Mtu fulani, wanasema, anapiga simu nje ya nchi na kusoma majina ya waliofungwa. Lofemba anataka tusikilize mazungumzo na tuandike maneno. Nilimjibu kwamba meza hii hupima dakika, haipimi maneno. Tunajua ni tundu lipi limezungumza na lipi, kwa muda gani, na kama waya ni mzima. Zaidi ya hapo si kazi ya fundi.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Bolumbu, akamvua vipokea sauti kichwani, akampiga navyo usoni. Mara mbili. Chuma kilichana shavu chini ya jicho. Kisha akavirudisha mezani kwa upole, akanisalimu, akatoka.

Sikufanya lolote. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Bolumbu alijifuta damu kwa kanga, akaunganisha simu tatu zilizokuwa zinangoja. Nilimwambia aende nyumbani. Akasema akienda watajua kwamba ameogopa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua usiku kucha. 31 imeanguka mara kumi na tisa. 28 hadi 34 zote zinakoroma, hospitali ikiwamo. Daktari alinipigia kelele. Ana haki.

Saa nne askari wawili walimwangusha mwendesha baiskeli chini ya dirisha letu. Alikuwa amebeba makopo ya mawese. Walitaka baiskeli, naye hakuiachia. Walimpiga kwa mikanda, kisha kwa pampu yake mwenyewe. Mawese yalimwagika hata sikuweza kutofautisha mafuta na damu. Walipoondoka alitafuta kitu matopeni kwa vidole. Meno. Akayatia mfukoni.

Niliandika ripoti kwa haraka, nisitazame tena dirishani. Kwa hiyo niliifupisha:

"12, nzima. 19, nzima. 31, inaita mara 19 bila mazungumzo. Ifungwe leo. 44, haina mwenyewe. Izibwe."

Niliisoma tena. Upatanisho sahihi kila mahali. Nikatia sahihi yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Vizibo vimefika, vibaya. Nimevichonga upya mwenyewe. Nimeziba matundu manane. 31 nimeifunga kwa kizibo hadi waya utengenezwe. Mara moja 28 hadi 34 zimetulia. Hospitali inasikika vizuri. Kazi nzuri.

Risasi upande wa Kabondo asubuhi. Mke wangu amezuia mlango kwa kabati. Nimemwambia kabati halizuii risasi. Akasema linazuia macho.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilimtuma Alimasi, fundi wetu wa nyaya, akatengeneze kiungo nyuma ya soko kisha aijaribu simu ya 31 palepale dukani. 31 ni duka la dawa la Asumani. Alirudi baada ya nusu saa. Mlango wa duka umevunjwa. Chupa zimesagwa sakafuni. Asumani alichukuliwa jana alfajiri. Majirani walisema alipigwa barabarani kwanza, mbele ya watoto wake, kwa kitako cha bunduki.

Nilikwenda. Mkewe amevimba uso mzima, anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Hakunikaribisha kiti. Alisema: "Papa Mwalimu, wale watu walikuwa na karatasi. Ni karatasi yako."

Nilirudi ofisini nikafungua nakala ya Jumatano. Nilisoma kama Lofemba.

Thelathini na moja, inaita mara kumi na tisa bila mazungumzo. Ifungwe leo.

Mimi nilisema namba. Yeye alisoma mtu. Katika Kiswahili cha mji huu "i" ni ya kila kitu: mutu iko, mbuzi iko, nyumba iko. Miaka yote nimewacheka kwa hilo. Ana orodha ya wateja, ametazama 31, ameona jina. Mtu anayeita mara kumi na tisa bila kusema neno. Ishara. Afungwe. Naye amefungwa.

Kama ningeandika "tundu la 31 lifungwe", hakuna askari ambaye angemwita mtu "li". Nilidondosha nomino. Kwa haraka, kwa woga, kwa majivuno. Kama ningeandika "ikatwe", wangemkata.

Asumani alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la nne, kabla sijaacha ualimu. Alisema "kitabu yangu". Nilimpiga rula kumi kwenye vidole. Aliposema tena, kumi nyingine. Vidole vilivuja damu juu ya daftari. Niliamini kwamba ninamjenga.

Mchana nilikwenda kituoni kwao. Nilikaa kwenye benchi hadi saa kumi na moja. Ndani mtu alikuwa analia, sauti ile ile, bila kupumzika, kisha akanyamaza. Waliniambia nirudi kesho.

Jumamosi, 8 Machi (nimeyaandika tarehe 13, kwa mkono wa kushoto)

Siku ya salongo. Mji mzima ulikuwa unafyeka majani kando ya barabara kwa amri. Mimi nilikwenda kituoni na panga langu la salongo. Wakaninyang'anya mlangoni wakicheka.

Lofemba alikuwa na karatasi yangu mezani. Nilimweleza. Nilisimama kama darasani. Namba ni ngeli ya "i", mtu ni ngeli ya "a". Ningetaka mtu ningeandika "afungwe". Nilitaka tundu lizibwe kwa sababu waya umeingia maji. Kifuniko huanguka chenyewe. Asumani hakuita mtu yeyote.

Aliniacha nimalize. Kisha akamtafsiria mwenzake kwa Kilingala, wakacheka sana. Walicheka kweli, si kwa ubaya. Nadhani hilo ndilo lililonivunja.

Akagusa muhuri chini ya sahihi yangu, akasema: "Papa, karatasi hii mukubwa alishaona. Alitia tampon. Alors, kosa iko wapi? Kwa mutu ao kwa karatasi?"

Nilielewa swali. Kosa lazima liwe na mwili. Kama si mtu wa 31, basi ni mwandishi aliyeidanganya serikali. Hakukuwa na mlango wa tatu.

Nikasema: "Kwa karatasi. Na karatasi niliandika mimi."

Akauliza ni mkono upi. Nikamwonyesha wa kulia. Sijui kwa nini nilikuwa mkweli hivyo. Mazoea.

Mwenzake aliushikilia mezani. Lofemba alichukua rula ya chuma iliyokuwa hapo, ya kuchorea mistari ya daftari. Alipiga kwa ubavu wake, si kwa bapa. Alianza na kidole kidogo. Nilisikia mfupa kabla ya kuhisi maumivu. Nilihesabu, kwa kuwa ndivyo nilivyowafundisha watoto, wahesabu wenyewe kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye saba nilikojoa. Kwenye kumi nilidhani amemaliza, kwa sababu mimi nilikuwa nikimaliza kwenye kumi. Hakumaliza.

Walimtoa Asumani mchana. Walimsukuma kwenye ngazi akaanguka kwa magoti. Mchirizi wa damu ulikuwa umekauka kutoka sikio la kushoto hadi shingoni. Shati halikuwapo. Mgongo ulikuwa umefyekwa kama yale majani ya kando ya barabara. Nilimwita jina. Alitazama upande mwingine. Nilifikiri amekataa kunijibu. Halikuwa hilo. Sikio lililokuwa upande wangu lilikuwa limekufa.

Alimasi alitungoja nje na baiskeli. Mtu mmoja tu anaweza kupakiwa. Nikamwambia ampakie Asumani. Mimi nilitembea hadi nyumbani, mkono juu ya kifua, watu wa salongo wakinitazama na majembe yao.

Jumapili, 16 Machi

Vidole vitatu havitakunjuka, kasema daktari. Ni yule yule wa hospitali, aliyenipigia kelele. Alinifunga kwa vibao na hakutaka malipo. Alisema simu yake sasa inasikika vizuri mno.

Homa. Mke wangu anasoma sala. Mimi nasema moyoni ngeli, moja hadi ya mwisho, kama mtu anayehesabu watu walionusurika.

Bolumbu alikuja na samaki waliokaushwa kwa moshi. Kovu lake limekauka, la mviringo, kama muhuri. Sikuwa nimemwomba msamaha kwa ile Jumanne. Nilimwomba. Alisema: "Papa, wewe ulisema non kwake. Mwingine hapana." Nikamwambia nilisema hapana kwa ajili ya kazi, si kwa ajili yake. Akasema shavu halikujua tofauti.

Jumanne, 18 Machi

Nimerudi kazini. Nimeandika ripoti kwa mkono wa kushoto, herufi za mtoto wa darasa la kwanza. Kila mstari una nomino yake. "Waya wa tundu la 12 ni mzima." "Kizibo cha tundu la 44 kimekaa." Ripoti imekuwa kurasa tatu. Neno "kufunga" nimeliondoa katika kazi hii. Tunaziba.

Lofemba ameichukua bila kuisoma. Akatazama mkono wangu, akaniuliza kama unapona. Alionekana kutaka kujua kweli. Nilimjibu unapona. Ningependa kumuua. Naandika hapa, sentensi kamili, kiima na kiarifu: ningependa kumuua.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi tulivu. Bendera, wimbo. Hakuna mvua tangu Jumamosi.

Alimasi amekwisha kutengeneza kiungo nyuma ya soko, akakifunika kwa lami. Nikachomoa kizibo cha 31. Bado kinanukia utomvu. Nimejaribu tundu: mlio mwembamba, safi.

Saa tatu kifuniko cha 31 kilianguka. Bolumbu alinitazama, akaondoa mikono yake mezani. Nilichomeka kamba kwa mkono wa kushoto. Nilidhani maji yamerudi.

Nilisikia pumzi. Kisha sauti ya Asumani, ya juu kupita kiasi, kama wasemavyo watu wasiojisikia: "Allô? Nani iko pale?"

Bolumbu alikuwa ananitazama bado.

Nikasema: "Iko miye."

Hakukata. Mimi pia sikukata. Nilisikia nyuma yake mtu anafagia vioo, na mtoto anakohoa. Tulikaa hivyo, bila neno, mpaka kifuniko cha mteja mwingine kikaanguka, na kingine.

Daftarini nimeandika: tundu la 31, dakika nne. Safu ya maelezo nimeiacha tupu.