Kompyuta Inayokufa Ikifika Mawinguni

Garissa
14 Septemba 1997

Kwako Abti Dekow,

Assalaamu alaykum. Hooyo, dada yako, ni mzima, anakusalimu na anauliza kama kikohozi cha Nairobi kimekuacha. Mbuzi wake wawili nao wazima, alisema nisiwasahau. Mimi ni mzima kupita kiasi. Abti, IMEWAKA!

Katoni yako ilifika juu ya basi imefungwa blanketi mbili kama mgonjwa. Nilitandaza vipande vyote mkekani, nikaviunga skrubu kwa skrubu kama ulivyonifundisha ile miezi mitatu dukani kwako. Hakuna aliyeshika bisibisi ila mimi. Nilipobonyeza swichi ililia mara moja, ikahesabu memori, kisha yakaja yale mawingu ya Windows. Majirani waliojazana mlangoni wakapiga vigelegele. Nyanya wa nyumba ya pili akasema ukame wote huu, kumbe mawingu yetu yalikuwa yamefungiwa kwenye sanduku Nairobi.

Sasa tatizo. Siku nne ilikwenda vizuri kabisa. Tangu juzi ikifika kwenye mawingu inaganda, inajizima, inaanza upya, inaleta mawingu, inakufa tena.

Unajua Bi Madino, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, amenipa chumba nifundishe kompyuta. Lakini kamati ya shule inataka kuiona mashine kwa macho yake, na itakuja hapa nyumbani Jumamosi ya tarehe 22 Novemba. Isipowaka mbele yao, chumba kinakuwa stoo ya mahindi. Na Baba ameshakata neno: nikishindwa, naenda Diff kukaa kwenye duka la ndugu yake, adeer Bulle. Diff, abti! Mpakani kabisa, nipime sukari na majani ya chai hadi nizeeke. Niambie nifanye nini.

Mtoto wa dada yako,
Kaaha


Islii, Nairobi
25 Septemba 1997

Abti yangu mdogo,

Wa alaykum salaam. Kikohozi kipo, tumezoeana. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikawasomea wateja, kisha nikaisoma tena peke yangu. Nina mafundi wawili wanaume hapa ambao hawajaunga mashine nzima bila kunipigia kelele. Wewe umeiunga mkekani! Nimewaambia. Hawakufurahi.

Bahasha yako ilinukia uunsi, ule udi wa kufukiza wa dada Saado, mpaka mteja mmoja akaniuliza nani anaoa. Nilifunga macho, nikajiona nimekaa sebuleni kwenu Maghrib imepita, dabqaad, chetezo chake, inafuka moshi katikati ya chumba. Usiniandikie tena kwenye karatasi iliyokaa karibu na nguo za mama yako, nitafunga duka nirudi nyumbani.

Turudi kwenye kazi. Kwanza shuku umeme. Stima ya Garissa inapanda na kushuka inavyotaka, kwa hiyo ijaribu kwenye jenereta ya shule. Pili, chomoa memori, isugue meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike ikibana. Tatu, usiiwashe tu na kulia. Andika kila inachofanya, na saa.

Huendi Diff. Bulle mwenyewe hataki kukaa Diff.

Abti wako,
Dekow


Garissa
24 Oktoba 1997

Kwako Abti Dekow,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila tumelowa. Mvua imeanza, na si mvua ya kawaida. Watu walishangilia siku mbili, sasa wanaangalia mto.

Nilifanya yote. Jenereta ya shule: ikafa vilevile mawinguni. Kwa hiyo si stima. Memori nimeisugua hadi kifutio kimekwisha: ikafa vilevile. Nilikasirika nikaipiga ngumi ubavuni, usimwambie mtu. Haikusaidia.

Lakini nimeandika kama ulivyosema, na abti, kuna kitu! Ikilala usiku mzima, asubuhi inapita mawingu, inafungua kila kitu, juzi nilicheza karata dakika sita ndipo ikaganda. Nikiiwasha tena papo hapo haifiki hata mawinguni, inafia kwenye kuhesabu memori. Nikiiacha mpaka adhuhuri inafika mawinguni. Kila siku ni hivyo hivyo, nimejaza kurasa nne. Tena inazidi kuwa mbaya: wiki jana asubuhi ilikuwa dakika kumi na moja. Inakufa kwa mpango, abti! Kitu chenye mpango mtu anaweza kukielewa, siyo?

Kamati imebakiza wiki nne. Baba amemwandikia adeer Bulle kwamba huenda ninakuja. Sikulala vizuri nilipojua. Jibu haraka.

Mtoto wa dada yako,
Kaaha


Islii, Nairobi
2 Novemba 1997

Abti yangu mdogo,

Natumai maji hayajafika mlangoni. Salamu kwa dada na kwa mbuzi wake, safari hii sikuwasahau.

JOTO! Nimeruka juu ya kiti kusoma kurasa zako, fundi wangu akadhani nimepigwa na stima. Mashine iliyopumzika inakwenda, iliyochoka inakufa. Prosesa yako, ubongo wa mashine, inaungua! Juu yake kuna feni ndogo, upana wa kikombe cha chai, kazi yake kuipoza. Fungua ubavu, washa, tazama kama inazunguka. Nadhani vumbi la Garissa limeikaba. Nimefunga feni mpya kwenye pakiti ya majani ya chai, dereva wa basi ameahidi kukuletea mkononi.

Na sikiliza: ulichofanya, kuandika saa na dakika, ndicho kilicholeta jibu. Mimi nimesoma tu.

Abti wako,
Dekow


Islii, Nairobi
20 Novemba 1997

Kaaha,

Uko mzima? Nyumba iko salama? Redio inasema barabara imekatika na Garissa imezungukwa na maji. Basi lenye feni yako limekwama Mwingi wiki mbili sasa. Simu haishiki.

Kesho kutwa ni kamati. Hii naandika bila kujua nitaituma na nani. Fungua ubavu, abti. Tazama feni. Laiti ungenisikia.

Dekow


Garissa
6 Desemba 1997

Kwako Abti Dekow,

Assalaamu alaykum. Tuko wazima sote, nyumba imesimama, choo kimeondoka na maji. Barua zako mbili na feni zimefika jana kwa pamoja na ndege ya msaada, chai imelowa. Usikasirike: sikuzihitaji!

Umeona barua hii haina mwandiko wangu? Imechapwa. Bi Madino aliazima printa ya kelele, hata kuku wamekimbia.

Tarehe 18, mvua inamwagika, nimebakiza siku nne na barua yako haiji. Nikajiuliza kwa nini miezi miwili natazama skrini tu, na ugonjwa haupo kwenye skrini. Nikafungua ubavu, nikawasha, nikatazama ndani. Feni imesimama kimya. Nikazima, nikaisukuma kwa kalamu, ikanata kama imetiwa jamu. Nikaigusa, nikanusa kidole.

Uunsi, abti. Uunsi wa dada yako!

Nikamwita Hooyo. Akasema, "Kwani nimekosa nini? Kitu kizuri kimeingia nyumbani mwangu kikinuka plastiki." Kila jioni nikienda darsa, alikuwa anafungua ubavu, anaweka dabqaad mbele yake, anafunika yote kwa mtandio wake wa garbasaar moshi uingie sawasawa, kama anavyofukiza nguo zetu. Uunsi wenyewe ule wa kwake, wa ubani uliopikwa na sukari. Ukapata vumbi, ukawa gundi. Jibu lilikuwa kwenye bahasha, abti, ukalinusa, ukakumbuka sebule!

Nilimkasirikia kwa dakika moja. Kisha alipoelewa kwamba yeye ndiye angenipeleka Diff, alikaa sakafuni akalia, nami nikalia naye, maana nilimpenda mno wakati ule. Akanyanyuka, akavuka matope mpaka zahanati, akarudi na pamba na spiriti ya sindano. Tulisafisha feni sote wawili, panga moja moja, kisha tone la mafuta ya cherehani. Ikazunguka! Hooyo akaisomea dua, kwa mbali.

Jumamosi kamati ilikuja suruali zimekunjwa magotini. Nikabonyeza. Mawingu yakatokea, na Mzee Billow, mwenyekiti, akasema, "Mawingu tena? Hii tumeshiba!" Wote walicheka ila mimi, nilikuwa nahesabu. Dakika kumi na moja zikapita. Ishirini. Saa mbili nzima, abti, nikachapa majina yao yote na ya watoto wao, mpaka Mzee Billow akainuka: "Mpeni chumba yake. Mashine hii haichoki, ni mimi nimechoka."

Baba amesema Diff haina haraka. Ameliambia hilo dirisha, hakuniangalia, lakini alikuwa anatabasamu.

Nina wasichana kumi na tisa, na mwanafunzi mmoja ambaye si msichana. Alikuja Jumatatu, akaacha dabqaad nje ya mlango, akakaa nyuma kabisa. Alikuwa hajawahi kuingia darasani maisha yake yote, unajua hilo kuliko mimi. Sasa hivi amenisukuma nimpishe kiti. Anasema barua ya kwenda kwa ndugu yake ataitia sahihi mwenyewe. Herufi amezitafuta moja moja kwa kidole kimoja, na nilipotaka kumwonyesha alinipiga mkono. Usicheke zikizidi, hakutoa kidole upesi.

Dada yako,

SAAAADO