Kaka Abdiel Bado Anafundisha

Lemara, Arusha

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Goti linasemaje, na yule ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, tena nimenenepa. Msimu huu hakuna harusi ya maana iliyofungwa mjini hapa nisiipige video na kula pilau yake. Ningekupigia simu, lakini wewe huiweka spika, na kijiji kizima cha Kikwe kinajibu.

Umeuliza kwa nini kaka Abdiel hajaja nyumbani tangu Pasaka. Ukasema hulalamiki, maana Brenda wa jirani anasoma chuo akiwa kwao, na kila ukipita unamwona kaka kwenye simu yake, katinga tai, anafundisha. Mama, huyo unayemwona ni Abdiel wa mwaka juzi.

Chuo kilipoanza masomo ya mtandaoni, walimu wenzake walijirekodi wenyewe gizani, wakaonekana kama watu waliotekwa. Mimi niliyeishia kidato cha pili nikamwambia kaka kwamba ninawapendezesha hata mabwana harusi walionuna, nitashindwaje na mhadhiri? Nikampangia taa, nikakata kila kikohozi. Akafundisha kozi zake zote mbele ya kamera yangu, mwanzo hadi mwisho. Wakubwa wa chuo wakasifu. Nikatembea Lemara kifua mbele, utadhani shahada ni yangu.

Mkataba wake ulipoisha wakamwita, wakamkaribisha chai, wakamshukuru sana, kisha wakamweleza kwamba masomo yake tayari wanayo kwenye video. Basi. Wanafunzi wanamsikiliza mpaka leo. Yeye mwenyewe analala sebuleni kwangu, na kwenye sherehe ananishikia taa.

Nilikuwa nakuficha kwa sababu alinisihi. Lakini juzi tulikuwa Njiro kwenye sendofu, bibi harusi anaagwa. Binti mmoja mwenye gauni la sare akamkimbilia, akamwamkia kwa heshima zote, akaanza kuita wenzake waje wamwone mwalimu wao, eti jana tu alikuwa anawafundisha. Kaka akainamisha uso. Akamwambia amemfananisha, yule mwalimu ni ndugu yake. Mama, mimi nikarudisha jicho kwenye kamera. Nikaendelea kurekodi keki.

Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya ndiyo iliyomtoa ndugu yangu kazini. Sasa chuo kinanitafuta niwarekodi na walimu waliobaki. Nimewaambia kamera imekufa.

Jumamosi namleta nyumbani. Anaogopa uso wako kuliko njaa. Watu wa usharika wakikuuliza, usiseme yuko likizo, wala usimwonyeshe mtu simu ya Brenda. Sema chuo kimemwacha. Ameshajikana mbele ya wageni. Nakuomba, asilazimike kujikana hata nyumbani.

Nisalimie shangazi Rachel na majirani wote, hata wale wanaosema nina mdomo.

Mwanao akupendaye,
Godbless