Upande Wangu wa Shamba

Dilala, Kolwezi

Mama yangu mupendwa,

Tunakusalimia toka huku, mi, bwana yangu Kalenga na batoto bote bawili, Mado na mudogo wake. Goti linaendelea namna gani? Jirani aliyetoka Sandoa alituambia unafika kanisani na fimbo. Nilifurahi ju unafika, ile fimbo ikanihuzunisha.

Nilinyamaza muda murefu ju sikutaka kukuandikia na machozi. Unajua Kalenga aliacha kazi ya mashimo ya madini siku udongo ulipomwangukia mwenzake. Balimutoa akiwa amekwisha kufa. Nilimuomba Kalenga asishuke tena, akakubali, na parokia ikatupa shamba pembeni ya barabara ya Mutshatsha. Lakini mwaka jana mahindi yalitoka mafupi, manjano. Tulitia mbolea ya duka, mvula ikaiosha yote. Kalenga akasimama katikati ya shamba, akasema, "Mama Mado, hapa batoto habatakula. Mi narudi chini."

Nilienda kwa Mama Béatrice, agronomu wa parokia anayefundisha kilimo. Alikuja, akamwaga maji juu ya udongo wetu mwekundu, yakapita mara moja. Akasema udongo umechoka, hauna kitu cha kushika chakula. Kisha akatuonyesha unga mweusi, unaitwa humati. Unatoka kwa miti na majani yaliyooza chini ya ardhi tangu zamani sana.

"Huu si mbolea," akasema. "Unashika mbolea, mizizi ipate wakati wa kula. Mutautia pamoja na mboji, na mbolea ya duka mutapunguza."

Kalenga akacheka bila furaha. "Miaka yote nilitoa bitu byeusi chini ya udongo. Leo munataka nibirudishe?"

Tulibishana mpaka tukagawa shamba. Upande wake mbolea peke yake. Upande wangu ule unga ulioyeyushwa ndani ya maji, mboji ya majani na mavi ya mbuzi, na mbolea kidogo kuliko yake.

"Na wako ukishindwa," akaniambia, "hutanizuia tena."

Nilikubali, mama.

Mwanzoni mahindi yalifanana, na mi nilipoteza usingizi. Kisha mvula kubwa zikapiga. Upande wake majani ya chini yakageuka manjano. Upande wangu yakazidi kuwa ya kijani. Siku moja nikamukuta amechuchumaa, ameng'oa muhindi mumoja kila upande, analinganisha mizizi.

"Angalia," akasema pole pole. "Ya kwako inashika udongo kama mutoto anashika kitenge ya mama yake."

Kesho yake alienda mwenyewe kwa Mama Béatrice kuomba unga. Aliutia akiwa amechelewa, lakini mahindi yake yakainuka kidogo. Sitakudanganya: kwenye kona ya chini, pale maji yanasimama, hatukuvuna kitu hata upande wangu. Inaomba mufereji, na hiyo kazi bado.

Juma lililopita rafiki zake ba zamani balikuja kumuita, shimo jipya limefunguliwa. Mi nilikuwa ninapukucha mahindi, mikono ikasimama. Kalenga akawapa biti bya kukalia, akawaambia, "Mi niko na shamba la kutayarisha. Anayetaka, anisaidie kubeba mavi ya mbuzi." Bakacheka. Mumoja akabaki, na mpaka leo anakuja.

Nisalimie yaya, ndugu yangu mukubwa fundi wa cherehani, mujomba anayechunga mbuzi, na shangazi anayekupikia. Mwambie yaya anitumie mbegu ya maharage ya kwetu, tupande kati ya mahindi.

Goti likipata nguvu, njoo. Kalenga atakupokea na pikipiki, ataendesha pole pole. Na usibebe unga wa ugali, mama. Huku uko.

Mutoto wako anayekukumbuka kila siku,
Odette