Mbolea Juu ya Mafiga

Mishamo, 14 Julai 2024

Mwanangu Emelyne,

Pokea salamu zetu sote. Sisi tu wazima, ila magoti yangu tangu tuvune yanadai mapumziko. Bibi yako anakula, anasali na kugombeza watu, kwa hiyo naye ni mzima. Habari za huko India? Unakula unashiba?

Mdogo wako Deo atapiga picha ya barua hii na ya jiko pia, akutumie akipanda kilimani kwenye mtandao. Kuongea kwa simu siwezi, sauti inakatika nikiwa bado kwenye salamu.

Mifuko miwili ya mbolea ya kukuzia imebaki. Unakumbuka ile ya mwaka juzi ilivyoganda, tukaitwanga kwenye kinu kama makopa? Safari hii nimekuwa mjanja. Nimeipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi mekundu za marehemu mume wangu, mjomba wako Onesphore. Moshi unaozuia dumuzi kwenye mahindi utaikausha mbolea pia.

Watu kanisani wananiuliza unasomea nini. Nasema chumvi ya roketi, kisha naishia hapo. Nieleze mimi shangazi yako nisiaibike.

Masenge wako,
Séverine

Pune, 2 Agosti 2024

Masenge mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Bibi umfikishie. Mimi ni mzima na ninashiba, ingawa pilipili ya hapa inanitoa machozi. Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye uchaga. Hapo kicheko kiliniisha.

Roketi inakwenda mahali pasipo na hewa, na moto bila hewa unakufa, kama makaa ukiyafunika na sufuria. Kwa hiyo roketi inabeba hewa yake imefungwa ndani ya chumvi. Chumvi hiyo yenyewe haiwaki, ila inaulisha moto. Mimi natafuta namna ya kuituliza, maana haitulii. Ikipata joto, punje zake zinajipanga upya na kuvimba. Ikipoa zinarudi. Baada ya kwenda na kurudi hivyo zinapasuka, zinavuta unyevu na kugandamana.

Sasa nimekuza picha ya jiko aliyopiga Deo nikasoma maandishi ya mfuko. Masenge, ni chumvi hiyohiyo.

Ikikaa peke yake, pakavu na mbali na moto, haina ugomvi na mtu. Lakini wewe umeiweka juu ya mafiga, penye masizi, chini ya paa la nyasi, karibu na dumu la mafuta ya taa, na Bibi analala humo kwa ajili ya baridi. Hapo moto ukizuka, inaweza kulipuka. Nakuomba uishushe leo. Na ikiganda, isitwangwe tena.

Najua anayesema ni mtoto uliyempakia kwenye baiskeli hadi shule. Jiko ni lako. Ila hiki nilichojifunza ndicho ulichonisomeshea.

Mwanao,
Emelyne

Pune, 2 Septemba 2024

Masenge mpendwa,

Shikamoo. Mwezi mzima umepita bila neno lako. Deo anasema barua ulisomewa ukanyamaza. Kama umekasirika, tafadhali kasirika mbolea ikiwa imeshashuka.

Mwanao,
Emelyne

Mishamo, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Emelyne,

Amani iwe nawe. Tu wazima sote, nasema hivyo kwanza ili usome kwa utulivu.

Nilikasirika kweli. Nilimwambia jirani yangu Skolastika kwamba mtoto amevuka bahari ili anifundishe kupanga jiko. Barua yako ya pili ndiyo ikanichekesha, na nikiwa nacheka nikamwita Deo tukaipeleka mifuko kwenye stoo ya matofali ya jirani yetu Gaudensi, isiyo na kitu kingine. Nikasema Jumapili nitakujibu.

Jumamosi mchana mtu alikuwa anachoma shamba, upepo ukaleta cheche kwenye paa la jiko letu. Bibi yako alikuwa ndani amelala. Paa liliwaka kama nyasi zinavyowaka tu, bila kulipuka, Deo akapata nafasi ya kuingia na kumbeba. Simu ya Deo iliangukia humo, ndiyo maana tumekuwa kimya.

Niliangalia pale uchaga ulipokuwa, nikakaa chini na kulia. Bibi yako akaniuliza, "Unalilia jiko?" Nikamwambia, "Hapana mama. Nashukuru."

Asante, mwanangu. Nimesema asante nyingi maishani, lakini hii sijui niipime kwa kipimo gani.

Mbegu za Onesphore ziliungua zote, na hilo liliniuma. Nikajua nimemzika mara ya pili. Kisha Skolastika akaja na kopo la mahindi mekundu, na Aurélie wa kule barabarani akaleta bakuli. Kumbe kila msimu nilipokuwa nawagawia kidogo kidogo kina mama waliohamia hapa, walizipanda na kutunza nyingine. Sasa ninazo nyingi kuliko zilizoungua.

Jiko jipya limeezekwa bati. Uchaga nimeurudisha mahali pake, na safari hii una mahindi tu. Mbolea bado iko kwa Gaudensi. Kanisani sasa naieleza chumvi yako mpaka watu wanachoka.

Bibi yako amekataa nifunge barua kabla sijaandika neno lake. Anasema, "Mwambie jana nimelala vizuri."

Masenge wako,
Séverine