Mama Kulwa, Wajane Wamechukua Sauti Zao

Mayu, mama yangu na mwalimu wangu,

Daktari Erasto ameaibika mbele ya wageni wake, na mimi ndiye niliyemwaibisha. Nilitaka ulisikie hili kabla ya salamu. Shikamoo.

Tangu tukuzike, wodi ya akili imepata muuguzi mwingine, mtu mpole tu, lakini wagonjwa bado wanakuulizia wewe. Kulwa na Doto wako Mhunze kwa mama yako mdogo. Doto ameanza kucheka tena. Mimi niliendelea kukaa na wajane kila Alhamisi hapa Ngokolo kama ulivyonifundisha: kiti changu kisiwe juu kuliko chao, na anayelia nisimkatishe. "Mwache afike mwisho," ulikuwa ukisema. "Akifika, atakutazama."

Kazi ile ilikuwa yako. Duara, lile shimo la dhahabu, lilipobomoka kule Geita likawafukia waume zao, wewe ndiye uliyewakusanya, kabla Erasto hajaja kutoka Dar na yule mama profesa wa Ulaya na mkataba wao wa utafiti wa pamoja. Waliwakuta wanawake tayari wanaongea. Wao walileta kinasa sauti. Ukawaapia wajane kwa Kisukuma kwamba hakuna atakayesikia isipokuwa watafiti, kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa.

Nakumbuka siku Nyanzobe aliposema siri yake: kwamba alipoletewa habari mumewe amefia shimoni, alishukuru, maana mbavu zake zilikuwa bado hazijapona kipigo. Ulimshika mikono mpaka kanda ikaisha upande mmoja.

Kanda hiyo hiyo Erasto aliipiga kwenye semina, ukumbini, milango wazi, ili wakubwa wasikie jinsi tiba ya maongezi inavyofanya kazi. Shemeji yake Nyanzobe alikuwa nje, dereva wa mmoja wao. Aliitambua sauti. Wiki haikwisha, wakwe wakasema Nyanzobe alimroga mumewe. Wakawachukua watoto, yeye akakimbilia Chato kwa shangazi yake. Ulipolalamika, Erasto aliandika kwamba siri ilivuja kwako. Wakakutoa kwenye kazi uliyoianzisha mwenyewe. Ukamwandikia profesa barua, ukampa Erasto aitume... Ee mayu. Ulimkabidhi fisi bucha. Kiharusi kilikuchukua ukisubiri jibu.

Lakini ile nakala ya penseli ya barua hiyo, uliyonisomesha ili nijue Kiingereza, nilikuwa nayo.

Mwezi uliopita Erasto na profesa walirudi kutia saini awamu ya pili. Safari hii walikuja na kompyuta. Maneno ya wajane yangeingizwa humo, vyuo vya ng'ambo viyachambue. Erasto akanichagua kutafsiri. Alidhani mimi ni mnyonge. Nikatuma ujumbe Chato kwa mtu wa basi.

Nilitafsiri hotuba yake bila kupotosha neno. Alipofika kwako, akasema, "Marehemu alijiuzulu kwa hiari yake." Hapo ulimi wangu uligoma. Nikatoa barua yako nikaisoma kwa Kiingereza, polepole, kila neno. Nilipomaliza, Nyanzobe akasimama kule nyuma walikoketishwa wajane, amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Sauti yangu naitaka," alisema.

Mwingine akasimama. Halafu wote. Sanduku la kanda lilikuwa mezani, limewekwa wageni walione. Kila mjane akachukua yake.

Erasto alikuwa akifuta miwani isiyo na uchafu. Profesa akaniambia hakujua. Nikamwambia, "Hukuuliza." Akalia. Sikumhurumia, mayu. Nilimtazama tu, na moyo wangu ulikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Saini haikutiwa. Erasto ameitwa Dar, kuna kamati inamhoji. Nilifurahi, sitakuficha. Nilirudi nyumbani nikala ugali kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Ila alipokuwa akipanda gari alinigeukia akasema, "Umewanyima wenzako tiba." Neno hilo limenichoma. Chumba tulichokutania kila Alhamisi wametufungia. Sasa tunakaa stoo kwa Mama Zulfa, yule Mhindi wa duka la vitenge, katikati ya marobota, na wajane wawili hawajarudi tena. Ukinikaripia kwa ajili ya hao wawili, nitainamisha kichwa. Kwa ajili ya Erasto, hapana.

Watoto wa Nyanzobe bado wako kwa wakwe. Nakuahidi nitakwenda naye mpaka mahakamani, na yule dereva ataeleza mbele ya watu alichokisikia na alichokifanya nacho. Na kamati ikiniita, nitapanda treni hata kwa kusimama mpaka Dar, niseme yote Erasto akiwa ananitazama.

Pumzika, mayu. Wabeja kwa kunifundisha kusikiliza. Kusamehe hukuwahi kunifundisha, na sasa umechelewa.

Mwanafunzi wako,
Minza